Geuza Karatasi, Tazama Unyayo

Mwezi uliopita nilialikwa kwenye ufunguzi wa maonyesho fulani hapa Dar es Salaam. Sitayataja. Sambusa zilikuwa za moto, juisi ya ukwaju ilikuwa ya kutosha, na ukutani palitundikwa kazi kumi na mbili za mchongaji mmoja, kila moja imeandikwa chini kwa penseli kuwa ni echingi, nakala 1/15. Zote zilikuwa picha za watu: mzee na mkongojo wake, wacheza sindimba wameruka hewani, mama amebeba mtoto mgongoni na ndoo kichwani. Bwana mmoja mwenye miwani ya mnyororo akasimama mbele ya huyo mama, akatutangazia kwamba hapa mchongaji ameuweza mwili wa binadamu hata kwenye karatasi. Watu wakapiga makofi. Mimi nikaisogelea ile chapa mpaka pua ikakaribia kioo, nikaitazama miguu. Mama mzima, mtoto wa miaka miwili, ndoo ya lita ishirini, na nyayo zake hazijakanyaga kitu. Zinaning'inia tu, kama nguo kwenye kamba.

Usiku ule sikulala vizuri. Kazi mbaya haininyimi usingizi. Nimechapa nyingi mno za namna hiyo, na nyingine nimezichapa kwa bei ya kirafiki. Yaliyoniudhi ni yale makofi.

Mimi si msanii. Ni mpiga chapa. Nimezungusha usukani wa mashine, nimeanika blanketi, nimepangusa mabamba ya watu wengine kwa shashi mpaka kiganja kikawa cheusi kisichotakata hata Idi. Majina yetu hayaandikwi chini ya picha. Lakini hakuna aujuaye mgongo wa karatasi kama sisi, na ni mgongo huo ninaotaka kuuzungumzia.

Kwanza tuelewane kuhusu mchongaji. Mpe mchoraji bamba la echingi, lile la chuma ambalo tindikali hula mistari iliyokwaruzwa, ataliendea kama karatasi: sindano inateleza, mkono unafurahi. Mchongaji huliendea kama gogo. Kwake mstari ni mahali ambapo kitu kimeondolewa na hakirudi. George Lilanga, mzaliwa wa Masasi wa mwaka 1934, alianza utotoni kwa kuchonga mihogo, akahamia miti laini, kisha mpingo. Alipokuja mjini alipata kazi ya ulinzi Nyumba ya Sanaa, ambako mjomba wake, Augustino Malaba, alikuwa akichonga. Nyumba hiyo ilianzishwa mwaka 1972 na Sista Jean Pruitt wa Maryknoll, na humo watu waliotoka na tezo na patasi walikutana na batiki, rangi na mabamba. Leo wengi wanamjua Lilanga kwa rangi zake za kuwaka. Wanunuzi wanapenda rangi, na mimi sina ugomvi nao. Ila anayetaka kumwona mchongaji ndani ya Lilanga amtafute kwenye nyeusi na nyeupe. Mashetani aliyoyachora yana masikio kama majani ya mgomba na vidole vya miguu vinavyohesabika haraka, lakini yakisimama, yamesimama. Yakikalia kichwa cha mwenzao, shingo ya mwenzao inajua.

Tena kwa Wamakonde, watu wa Lilanga, kukata mstari hakukuanza na shaba. Wazee wa Newala na wa ng'ambo ya Ruvuma walichanja chale usoni, kifuani na tumboni, wakasugua weusi wa mkaa kwenye mikato. Kilichobaki ni mstari mweusi ambao kidole kinaweza kuusoma gizani. Na kwenye vinyago vya mapiko chale hizo mara nyingi huwekwa kwa nta. Mkato, weusi, nta: vyote vitatu viko mezani kwangu kila asubuhi. Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba echingi ni sanaa ya Wazungu ambayo mchongaji wetu ameiazima, huwa namwachia aendelee na chai yake.

Sasa vipimo. Vingine nitavipitia mbiombio kwa sababu havina mjadala.

Mstari unaouzunguka mwili wote bila kukatika ni seng'enge. Mwili hauzungushiwi seng'enge. Mstari mzuri hufa pale nuru inapoligonga bega, ukafufuka kwapani, ukapotea tena ubavuni, na jicho la mtazamaji ndilo linaloruka pengo. Wachongaji wanalijua hili kwa sababu kinyago hakina mstari wa pembeni. Kina mahali ambapo mbao inageuka usiione tena.

Akwatinti, ule weusi wa tindikali usio na mstari, juu ya ngozi ya mtu ni uvivu. Iwekwe angani, ukutani, kwenye kanga. Usiniulize kwa nini.

Mtu achongwe kwenye shaba. Zinki inatosha kwa miti, mbuzi na majahazi.

Ukiona wakulima wote kwenye picha wanashika jembe kwa mkono wa kushoto, usidhani msanii ana falsafa. Amesahau tu kwamba karatasi huitoa picha imegeuka. Mchongaji wa kweli hasahau, kwani amezoea kukizunguka kitu pande zote.

Na hiyo 1/15 isikutie wazimu. Namba huandikwa baada ya karatasi kukauka, na mara nyingi haifuati mpangilio wa kutoka mashinini. Nimewahi kumwona msanii akiziandika huku anasikiliza mpira redioni. Tofauti ipo kwenye sindano kavu peke yake, bamba linalokwaruzwa bila tindikali, ambako nakala za mwanzo zina kile kiza cha mahameli, na baada ya dazani kadhaa kimekwisha kusagwa na mashine. Huko ulizia za mwanzo.

Hayo mtu anaweza kujifunza kwa wiki moja. Nije kwenye unyayo.

Mtu asiyejua hutazama uso. Akijitahidi, hutazama mikono, kwa sababu amesikia mahali kwamba mikono ni migumu. Hatazami kamwe pale mwili unapokabidhi uzito wake: kisigino na udongo, kalio na kigoda, kiwiko na goti, shingo na ndoo. Mchongaji hana uhuru huo. Kinyago chake kikianguka mezani, mnunuzi ameondoka. Mzee mmoja aliyekuwa akichonga kwenye soko la vinyago la Mwenge, aliyenifundisha kutazama, alikuwa na desturi: kabla ya kupiga msasa wa mwisho alikisimamisha kinyago kwenye benchi, halafu akalipiga benchi teke. Kikianguka, alikaa chini akaanza upya miguuni. Vijana wake walikuwa wanamcheka. Vinyago vyao vilikuwa vinasimamishwa kwa gundi juu ya kibao.

Mzee huyo alipokuja kwetu kujaribu bamba, sikumfundisha chochote kuhusu umbo. Nilimfundisha lami, nta na tindikali, na kupeperusha mapovu kwa unyoya wa kuku. Mara ya kwanza alilichora bamba lote, mwanamke anayetwanga, tukalitumbukiza. Nikahesabu dakika, nikalitoa. Nilipotaka kulisafisha akanishika mkono. "Bado, mwanangu. Huyu hajasimama." Akachukua vanishi na kijiti, akaanza kuziba: uso akauziba, mchi akauziba, kifua akakiziba. Akaacha wazi kisigino cha mguu wa kulia, ukingo wa nje wa unyayo, na mikunjo miwili nyuma ya goti. Bamba likarudi kwenye tindikali. Likatoka, akaziba goti, likarudi tena. Mara nne. Kisigino kile kililiwa mpaka nikaogopa bamba litatoboka.

Tulipochapa nikaelewa. Mfereji ule ulishika wino mwingi kuliko sehemu nyingine zote, na karatasi yenye unyevu, ikisukumwa na blanketi, ilizama humo ndani mpaka chini. Kwa mbele palionekana weusi tu, weusi ambao mtu yeyote angepita bila kuuona. Lakini Mzee hakutazama mbele. Aliisubiri ikauke, akaigeuza, akaishika usawa wa jicho kando ya dirisha, jua la saa mbili asubuhi likiingia kwa upande. Nyuma ya karatasi nzima palikuwa na mikwaruzo hafifu kama njia za sisimizi. Chini kulia palikuwa na bonde. Uzito wote wa mwanamke ulikuwa umelala juu ya bonde lile. Mguu wa kushoto, uliokuwa ukipumzika, haukuacha nyuma ya karatasi zaidi ya pumzi.

Tangu siku hiyo sijawahi kukisia ubora wa mwili kwenye echingi bila kuitoa kwenye fremu. Fanya hivi: osha mikono, itoe, igeuze, ishike usawa wa jicho dhidi ya nuru ya pembeni, usiishike dhidi ya taa ya juu. Tafuta mahali mwili unapokaa. Kisha tafuta kope za macho. Kama kope na kisigino vina kina kimoja, aliyelitengeneza bamba alilitumbukiza mara moja akaenda kunywa chai. Huyo ni mchoraji, pengine mzuri, mchongaji hayumo. Kama bonde liko mahali sahihi, nunua hata kama uso umepinda. Na kama bonde lipo lakini liko kwenye mguu usiobeba uzito, basi mtu huyo amesikia siri hii kwa wengine bila kuielewa, nao siku hizi wapo.

Nikiri kosa langu. Wakati fulani tulikuwa na oda ya haraka, na bamba la msanii mmoja lilikuwa limeliwa kidogo mno miguuni. Nikaona nimsaidie. Kila nakala nilipoipangusa niliacha wino mzito kwenye visigino, nikaukolezea kwa ncha ya kidole. Picha zilitoka za kuvutia, miguu mieusi, watu wamesimama imara. Mzee alikuja jioni kunisalimu, akaokota moja kwenye kamba, hakuitazama mbele hata kidogo. Akaigeuza, akapitisha ukucha wa kidole gumba, akairudisha. "Umempaka viatu," akasema, akaniuliza habari za watoto. Nakala ishirini nilizichoma mwenyewe. Msanii hadi leo anaamini zilipotea kwenye mafuriko.

Walio mbali waliijua siri hii pia, na ni vizuri kuwataja ili isionekane tunajisifu. Rembrandt hakuwa mchongaji, lakini kuna chapa yake ya mwaka 1631 hivi, mwanamke uchi amekaa juu ya kichuguu, ambayo kila mchongaji niliyemwonyesha ameikubali. Tumbo limeteremka, paja limetanuka kwa kubanwa na udongo, mwili umekubali kukaa. Mshairi Mholanzi Andries Pels, mwaka 1681, alilalamika kwamba wanawake wa uchi wa Rembrandt wana hata alama za mikanda ya soksi miguuni. Alidhani anamtukana. Alama ya mkanda ni mahali ambapo kitu kimeubonyeza mwili, na mwili umekumbuka.

Rodin, mchongaji Mfaransa, alikwenda London mwaka 1881, na huko rafiki yake Alphonse Legros akamfundisha sindano kavu. Alitengeneza chapa chache sana, kama dazani moja hivi. Iliyo bora kuliko zote ni ya mwandishi Victor Hugo, ya mwaka 1884, baada ya kumchonga. Mistari yake haichori kichwa. Inakizunguka, kama tupa inavyolizunguka bega la kinyago. Hakuna unyayo hapo, ni kichwa tu, lakini utazame uzito wa paji la uso unavyoshuka kwenye nyusi.

Hata hivyo wangu mimi ni Käthe Kollwitz, Mjerumani. Mwaka 1903 alitengeneza bamba la mama aliyemkumbatia mtoto aliyekufa. Alijitazama kwenye kioo, mikononi amempakata mwanawe Peter, mtoto wa miaka saba. Alitumia tindikali, sindano kavu, na msasa, msasa uleule wa wachongaji. Mwaka uliofuata tu ndipo alipokwenda Paris akajifunza uchongaji, na mimi nasema bamba lile lilikwisha kumpa cheti kabla hajashika udongo. Watu hulia wakiuona uso wa mama umezama kifuani mwa mtoto. Mimi natazama goti. Mama amekaa amekunja miguu chini, na lile goti na ule mguu ni kama shina; uzito wote wa maiti na wa mzazi umeteremkia hapo. Peter aliuawa vitani Ubelgiji Oktoba 1914. Mama yake akaja kuwachonga baba na mama wakiwa wamepiga magoti, sanamu zilizowekwa mwaka 1932 kwenye makaburi ya askari alikozikwa kijana. Magoti tena. Mabamba ya Kollwitz mengi yalifunikwa chuma ili yavumilie nakala nyingi, na nakala hizo za baadaye ziko kila mahali. Nimezishika kadhaa. Ni halali, na ni baridi.

Matapeli wa chapa ni ndugu wa matapeli wa mpingo. Kule Mwenge na Zanzibar mgeni huuziwa mti laini uliopakwa dawa ya viatu, naye anakwenda nao uwanja wa ndege mikono imechafuka. Anayejua huutupa kwenye ndoo ya maji: mpingo huzama. Kwenye karatasi ndoo haifai, lakini hila ni ileile. Wanachukua picha iliyochapwa kwa kompyuta, wanalowesha karatasi, wanaipitisha mashinini juu ya bamba tupu lisilo na hata mkwaruzo. Inatoka na ile alama ya mstatili pembeni ambayo mnunuzi ameambiwa ndiyo dalili ya echingi. Mnunuzi hupapasa kingo, anaridhika, analipa. Hakuna anayepapasa katikati. Alama ya bamba inathibitisha kwamba bamba lilikuwepo, basi. Wengine hukamilisha kwa chai ya rangi ili karatasi ionekane ya zamani.

Halafu kuna utapeli wa heshima, wa kuchapa baada ya mwenyewe kufa. Rembrandt alifariki 1669, na karne nzima baadaye mfanyabiashara wa chapa Basan wa Paris alikuwa bado anayachapa mabamba yake yaliyochoka. Mistari ya mapaja imekuwa mvi. Hapa kwetu, Lilanga aliaga dunia mwaka 2005, na mimi nimeletewa chapa "zake" ambazo wino wake ulikuwa unanuka upya. Nilizigeuza. Sikusema neno, nikaomba radhi kuwa miwani yangu imeharibika.

Najua nitaambiwa ninazeeka. Ni kweli. Zamani msanii alikuja na bamba lake amelifunga kwenye kanga, kingo zimepigwa tupa vizuri zisikate karatasi, tukakaa siku nzima kwa nakala tatu za kujaribia. Tuligombana kuhusu kidole gumba cha mguu. Leo kijana ananiletea flashi, ananiuliza kama naweza "kuitoa na ile alama". Karatasi ni nzuri kuliko tuliyokuwa nayo, wino ni mzuri, taa ni nzuri, na watu wote kwenye picha wanaelea.

Kama unayo nyumbani chapa ya miaka ile, labda ulirithi kwa shangazi aliyeinunua mjini kwa bei ya kilo ya nyama, nakuomba mambo mawili. Usiitundike kwenye ukuta unaopigwa na jua. Na fundi wa fremu akikushauri kuigandisha kwenye ubao kwa gundi ili isijikunje, mkatalie, hata kama anafanya bure: gundi huujaza mgongo, na mgongo ukishajazwa hakuna atakayeweza kukuambia tena kama yule mtu amesimama. Anayekuuzia ambayo tayari imegandishwa, mwachie mwenyewe.